Springi Mbili za Mbele

Kaka yangu alikuwa na gari ambalo, kwa sheria ya Mungu na ya wanadamu, halikupaswa kuwa Bruxelles. Lilitengenezwa Japani kwa ajili ya Wajapani wenyewe: usukani kulia, milango miwili, tumbo karibu ligusane na lami, na nyuma kiti ambacho sijui walimkusudia nani, labda mbuzi. Alilinunua mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa Mbelgiji aliyelileta kwa meli kisha akachoshwa na makaratasi. Wakati huo kaka alikuwa analala kwenye godoro lililowekwa sakafuni. Kabla ya kununua kitanda alipiga picha ameegemea gari lake jekundu, mikono kifuani, akamtumia mama Lubumbashi. Nyuma ya picha aliandika kwamba siku mama atakapofika Ulaya, gari hilo ndilo litakalompokea uwanja wa ndege, na yeye mwenyewe atakuwamo ndani.

Mama aliitundika picha ile sebuleni juu ya redio. Maombi yake ya visa yalikataliwa mara tatu, na kila yalipokataliwa kaka alimwambia kwenye simu kwamba motoka bado inamngoja. Hakumwambia njoo, wala pole. Alimwambia motoka inamngoja, na mama alicheka, na simu ikakatika kama kawaida ya simu za nchi yetu miaka ile.

Mimi gari lile nililichukia. Nilikuwa nikisafisha ofisi kwenye minara ya karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, naondoka nyumbani, mtaa wa Forest, kabla watu hawajaamka, na siku ambazo kaka aliamua kunihurumia na kunipeleka, nilifika kazini kiuno kimevunjika. Maana hakuridhika na gari jinsi lilivyotoka Japani. Alikuwa ameagiza springi za michezo, fupi na ngumu, ili gari lishuke zaidi na lisiyumbe kwenye kona. Za asili alimwachia yule aliyemfungia, naye akaziuza kama chuma chakavu. Barabara za Forest nyingi zimetandikwa mawe, na katikati zinapita reli za tramu. Kila jiwe tulilihesabu kwa matako. Nikilalamika, kaka alisema mimi nimezoea punda.

Nasema haya kwa kucheka kwa sababu bado sijafika pale panapouma.

Ugonjwa wake ulianzia mgongoni. Alidhani ni kazi, maana alikuwa akipakia mizigo kwenye ghala moja Anderlecht. Walipompiga picha hospitalini, daktari alitukalisha wote wawili na kuanza kuzungumza kwa sauti ya chini sana, na mimi niliposikia tu ile sauti nilijua. Ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Tulipotoka nje kaka alisema jambo moja tu: mama asiambiwe. Sikubisha. Kwetu mama hapewi habari kama hiyo kwa simu, tena mama aliye peke yake, mbali, ambaye hawezi hata kuja kumshika mtoto wake mkono. Wahenga wamesema mficha maradhi, kifo humuumbua. Tuliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, tukaficha vilevile.

Siku hiyohiyo nilimrudisha nyumbani kwa gari lake. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, na usukani wa kulia haukunisumbua tena. Alikaa kushoto kwangu. Tulipoingia kwenye mawe ya Forest nikageuka kumwambia kitu, nikamwona ameinamisha kichwa, ameuma ukosi wa koti lake kwa meno, kama mtoto. Nikapunguza mwendo mpaka tramu ikatupigia kengele nyuma. Hakuuachia ukosi hadi tulipozima injini.

Wiki tatu baadaye, balozi za dunia hii zikaamua kutenda muujiza. Mama alipata visa.

Nilimwambia kaka tukodi teksi, moja ya zile kubwa zinazoelea barabarani. Aliniangalia kama nimemtukana. Nikamwambia basi abaki nyumbani amngojee mama kwenye kiti kizuri. Hapo alikasirika kweli, na mgonjwa akikasirika unatamani ardhi ikumeze. Alisema amemwahidi mama kwa miaka minne, na mama akimkosa uwanjani, atajua kabla hata mizigo haijatoka. Aliposhusha sauti alisema:

"Mudogo, unitafutie ressort zenye haziko nguvu. Mama asinione nauma koti."

Ressort ndizo springi. Mimi kazi yangu ilikuwa ndoo na tambara, na ndani ya gari nilikuwa najua mahali pa kutia mafuta, basi. Nilikuwa na mwezi mmoja kabla mama hajafika.

Nilianzia kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza. Kijana wa kaunta aliingiza namba ya gari kwenye kompyuta, akaiingiza tena, kisha akaniambia kwa upole kwamba gari langu halipo. Nikamwonyesha dirishani: lile pale, limeegeshwa. Akasema anaona, lakini kwa kompyuta halipo. Lile la jina hilo lililouzwa Ulaya lilikuwa na miguu mingine kabisa, matundu ya bolti kwingine, urefu mwingine. Nilitoka pale nikiwa na hasira ya mtu aliyeambiwa ndugu yake hayupo.

Nikaenda kwenye maduka ya vipuri vya kubadilishia, vile vinavyotengenezwa na viwanda vingine. Huko walilijua gari, tena walilipenda, walitoka nje kulizunguka na kulipapasa. Lakini kila katalogi waliyofungua ilikuwa ya kulishusha na kulikaza. Waliniuliza nataka lishuke sentimita ngapi. Nikasema nataka lipande. Wakadhani Kifaransa changu kibovu, wakauliza tena polepole. Nilieleza kwamba nataka liwe laini, liende kama gari la babu anayekwenda misa. Mmoja aliniambia, bila ubaya, kwamba nani afanye dhambi hiyo kwa gari kama hili. Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika, nikafunga mlango kwa nguvu. Nje nililia. Sikuwa nikimlilia kaka bado, nililia kwa uchovu na kwa zile katalogi zao zenye kurasa za kung'aa.

Aliyenisaidia alikuwa papa mmoja fundi, kama tunavyowaita wazee, mtu wa kwetu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya reli Lubumbashi kabla hajaja kuzeeka Bruxelles. Alikodi banda huko huko Forest, si mbali na kiwanda cha magari, akitengeneza magari ya Wakongo waliomwamini kuliko Wazungu. Nilikuwa na umri wa binti yake, lakini aliniita maman, kama inavyopasa kwa mwanamke wa watu. Sikumwambia ugonjwa ni nini. Nilisema mgongo. Hakuuliza zaidi, akaomba futi yangu ya ushonaji niliyokuwa nayo kwenye mkoba, kisha akaingia chini ya gari.

Alipima kila kitu kwa futi ile: urefu wa springi, upana wake, unene wa waya, umbali wa bolti moja hadi nyingine. Aliandika kwenye kipande cha katoni. Kwa Jumamosi mbili mfululizo tulizunguka Anderlecht, kwenye yale mabanda ya karibu na machinjio ambako magari ya zamani yananunuliwa na kupelekwa Afrika. Mimi nilibeba katoni, yeye akiinama chini ya gari moja baada ya jingine na futi yangu ya ushonaji iliyochorwa maua. Wauzaji walitucheka. Yeye hakujali, alisema kwenye reli walikuwa wakisubiri kipuri miezi sita, na treni ilitembea hivyohivyo, maana chuma hakina kabila, kikienea kimeenea.

Na kikaenea. Kulikuwa na gari la familia la kampuni ileile, la milango minne, la rangi ya kijivu ambayo hakuna mtu anayeichagua kwa moyo wake, limegongwa nyuma. Miguu yake ya mbele ilikuwa na bolti tatu juu, umbali uleule. Springi zake zilikuwa ndefu na laini. Papa fundi aliipima mara tatu, akainuka akijishika magoti, akacheka. Tulinunua zile springi mbili, na amortisa, yaani shokamzoba, mpya za kwenda nazo tulizipata duka la kawaida, kwa sababu gari lile la kijivu lilikuwamo kwenye kompyuta za watu wote.

Nyuma ndiko kulikokataa. Miguu ya nyuma ya gari la kaka ilikuwa ya peke yake, yenye uma chini, na hakuna gari lolote Anderlecht lililofanana nayo. Papa fundi alichora mchoro, akaandika vipimo, tukautuma kwa faksi kutoka duka la simu Matonge, mtaa wa Wakongo, kwenda kwa muuzaji mmoja Uingereza, ambako magari ya usukani wa kulia si kichekesho. Hatukuandika sentensi hata moja. Namba tu, kwa sababu namba hazihitaji mkalimani. Alijibu kwamba anazo za asili, zimetumika lakini nzima, na zitafika baada ya wiki mbili. Mama alikuwa anafika baada ya siku sita.

Nilisimama bandani sijui la kufanya. Papa fundi alifuta mikono, akasema:

"Mugonjwa anaikala mbele, si njo vile? Bon. Alors ya mbele inatosha kwanza."

Nikasema inatosha. Nimelirudia neno hilo miaka yote hii. Wawili sisi, watu wazima, tuliozaliwa na kulelewa kulekule, tulisimama pale tukakubaliana kwamba inatosha.

Alipomaliza, gari lilikuwa limeinuka mbele na kuzama nyuma. Kaka alipoliona kupitia dirishani alisema nimelifanya mbwa aliyekaa chini. Lakini alivaa koti akashuka. Nilimzungusha kwenye mawe yaleyale, juu ya reli zilezile, mpaka kwenye mteremko wa kanisani. Nilimwangalia kwa jicho la pembeni. Ukosi wa koti ulikuwa umelala shingoni, haukuguswa. Aliweka mkono juu ya dashibodi, akaanza kuimba kidogo, kisha akasema twende tena. Tulikwenda tena. Sijawahi kujivunia kitu nilichokifanya kwa mikono yangu kama siku ile, wala sikuwa nimekifanya kwa mikono yangu.

Mama alifika Jumapili asubuhi. Alitoka mlangoni na kitambaa kichwani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, akisukuma toroli lenye mifuko ya unga na samaki wakavu waliosalimika kwa forodha. Kaka alikuwa amenyolewa, amevaa suti, amekunywa vidonge viwili zaidi ya alivyoandikiwa. Alisimama wima. Mama alimkumbatia, akamshika mashavu, akasema amekonda, Ulaya hakuna chakula. Kaka akacheka. Nikawaza: tumefaulu.

Tukafika penye gari. Mama alilitambua kutoka mbali kwa sababu ya picha, akapiga kigelegele kidogo pale maegeshoni mpaka Wazungu wakageuka. Halafu akasimama karibu na mlango wa kushoto, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili, akingoja kufunguliwa. Hakuna aliyemwambia asimame pale. Mama wa mtu anasimama wapi?

Kiti kilikuwa kimoja mbele, kando ya dereva. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona mtoto amekaa mbele na mama yake nyuma. Baba yetu alipokuwa hai, hata askofu alipopewa lifti, watu walipangwa kwa umri kabla injini haijawashwa. Mimi niliyelijua hilo kama ninavyojua jina langu, nilikuwa nimetumia mwezi mzima kulainisha kiti ambacho kaka asingekikalia.

Nilifungua mdomo. Ningeweza kusema yeye anaumwa mgongo, mama, mwache akae mbele. Maneno yalikuwa tayari. Kaka aliniangalia juu ya paa la gari, na macho yake yakanikataza. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama ataikala mbele."

Akakunja kile kiti, akainama, akajipenyeza nyuma. Ilimchukua muda. Mama alidhani ni kwa sababu ya urefu wake, akamtania kwamba amekua vibaya. Niliweka mfuko wa samaki kando yake, kwa kuwa haukuenea kwenye nafasi ya mizigo. Nikarudisha kiti cha mbele, mama akakaa, akajifunga mkanda, akafanya ishara ya msalaba.

Barabara kuu haikuwa mbaya. Mama alisimulia mambo ya nyumbani, nani amezaa, nani amezikwa, bei ya mkaa. Mimi nilijibu ndiyo, ndiyo. Tulipoingia kwenye mawe nilitazama kioo. Alikuwa amejikunja na magoti karibu na kidevu, uso umekuwa na rangi ya majivu, na ukosi wa suti ulikuwa mdomoni. Nilipunguza mwendo. Alinitikisia kichwa: enda. Kama ningekwenda polepole mno mama angeuliza. Nikaenda. Mungu anisamehe, nilienda mwendo wa kawaida juu ya mawe yale yote, kwenye springi ngumu za nyuma ambazo zilikuwa zikimngoja nani kama si yeye.

Mama alipapasa kiti chake, akasema bila kugeuka:

"Motoka yako inaenda muzuri, mwana wangu. Hainirushe hata kidogo."

Alichelewa kidogo kujibu. Ilibidi kwanza autoe ukosi.

"Aksanti, mama."

Tulipofika nyumbani hakuweza kutoka. Nilikunja kiti, nikamshika mkono, miguu haikumsikia. Mama alisimama kwenye njia ya waenda kwa miguu akiangalia mtoto wake anavyovutwa kutoka ndani ya gari na mimi na jirani wa ghorofa ya chini, na alijua. Hakupiga kelele. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfuta jasho.

Springi za nyuma zilifika nyumbani kutoka Uingereza siku kumi baadaye, kwenye sanduku lililofungwa vizuri. Papa fundi alinipigia simu akauliza nilete gari lini. Nilimwambia asubiri. Kaka hakuingia tena kwenye gari lile. Walimchukua na ambulansi, ikamrudisha, ikamchukua. Mama alilala kando ya kitanda chake miezi miwili, na visa yake ilipokaribia kuisha, kaka akaisha kabla yake.

Sitasimulia mazishi. Baada ya watu kuondoka na viti vya kuazima kurudishwa, mama aliniuliza lile sanduku lililoko korido ni la nini. Nilikuwa nikiliruka kila siku kwenda jikoni. Nilitaka kusema ni vyuma tu. Lakini nilikuwa nimeshachoka kuficha, na aliyefichiwa alikuwa amekwisha kujua yote isipokuwa hili. Nikamweleza kila kitu, kompyuta iliyosema gari halipo, futi ya ushonaji, gari la kijivu, faksi. Nikamweleza kwamba mbele palikuwa laini na nyuma palikuwa pagumu, na kwamba tuliyajua hayo, wote wawili, pale maegeshoni, wakati yeye amesimama na mkoba wake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atanipiga. Ningefurahi kama angenipiga.

"Mulipashwa kunieleza," alisema. "Mimi ni mama yake. Ningeikala nyuma. Ningeikala hata mu fasi ya mizigo."

Hilo ndilo lililonivunja kabisa. Heshima tuliyompa ilikuwa ni kitu ambacho yeye mwenyewe angekitupa mara moja, mbele ya watu wote wa uwanja wa ndege, kama tu angeulizwa. Hatukumuuliza. Tulimtendea mama yetu kama mgeni, tukamnyima nafasi ya kumfaa mtoto wake kwa nusu saa.

Siku iliyotangulia safari yake ya kurudi, alivaa koti mchana baada ya kula, akaniambia nichukue ufunguo. Nilidhani anataka kwenda kanisani au Matonge kununua zawadi. Tulipofika penye gari nilimfungulia mlango wa kushoto. Hakukaa. Alikunja kiti yeye mwenyewe, kama alivyomwona kaka akifanya, akainama, akajipenyeza nyuma, mwanamke wa miaka sitini na tatu na vitenge viwili kiunoni. Akasema twende uwanja wa ndege, halafu turudi.

Nilibishana naye. Nilimwambia kesho yake ana safari ndefu, miguu itamvimba. Aliweka mkoba magotini akangoja. Niliwasha gari.

Uwanjani nilizunguka maegesho bila kusimama, nikashika njia ya nyumbani. Kiti cha mbele kando yangu kilikuwa kitupu. Tulipokaribia mawe ya Forest niliondoa mguu kwenye mafuta, nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, kitambaa kimemteleza kichwani.

"Niende polepole, mama?"

"Apana," alisema. "Enda vile ulienda ile siku."